Beigeli si Bei Ghali

Hata sasa niandikapo maneno haya, jicho langu la kulia lingali jekundu mithili ya basibasi mbichi, puani mwangu mngali na mwasho usiosikia maji wala dua, na ukosi wa koti langu la pekee la kiungwana una doa la manjano ambalo dobi alilitazama kwa kitambo, akatikisa kichwa, kisha akanirudishia koti kwa upole ule ule ambao tabibu huwarudishia jamaa maiti yao. Doa hilo ni la haradali. Nililipata juzi alasiri kwa sababu ya duka moja la mkate wa Kiyahudi katika mtaa wa Brick Lane, mashariki ya London, ambamo mbele ya foleni ya watu wasiopungua thelathini niliagiza chakula kisichoagizwa na mtu mwenye akili timamu, na nilipopewa nafasi ya kujisahihisha nikaikataa, nikasema uongo, na uongo huo nikawatwika, bila ya idhini yao, watu wote wa kwetu Zanzibar.

Chanzo cha yote kilikuwa sikio. Sahibu yangu aliyekaa mji ule kwa miaka mingi aliponiambia, "Yakhe, twende tukale beigeli," mimi nilisikia "bei ghali," nikamjibu kwamba bei ghali nimekuwa nikiila tangu niliposhuka uwanja wa ndege, katika nauli, katika chai na hata katika chupa ya maji, na kwamba sikuona haja ya kupanda basi kuifuata nyingine. Alicheka mpaka akashika mbavu. Kisha akanieleza kuwa beigeli ni mkate wa mviringo wenye tundu katikati, ulioletwa na Mayahudi kutoka nchi za Ulaya ya Mashariki. Kwamba Wamarekani hulianza jina lake kwa "bei", ilhali wazee wa mashariki ya London huanza kwa "bai". Na kwamba asemaye "bei" mbele ya wazee hao hujulikana papo hapo kuwa ni mgeni, kama ajulikanavyo Unguja mtu aliyeomba uma wa kulia urojo. Akanipa na nasaha tatu: nijue nitakacho kabla ya kufika mezani, niseme kwa maneno machache, na fedha iwe mkononi, si mfukoni. Tulipofika dukani, alipokwisha kunipa nasaha hizo, simu yake ililia, akaitwa kazini, akaniacha mlangoni peke yangu kama mtoto aliyepelekwa chuoni siku ya kwanza na ubao wake kwapani.

Foleni ilianzia mezani, ikatoka mlangoni, ikakunja njiani. Walikuwamo madereva wa teksi, mafundi wa ujenzi wenye vumbi la saruji kopeni, vijana waliovaa viatu vya thamani ya ngalawa, mabibi wawili wenye hijabu waliokuwa wakizungumza Kibengali, na nyuma yangu mzee mmoja wa kofia ya sufu, ambaye habari zake zitakuja. Maadamu foleni ilikwenda kwa mwendo wa kobe, na kazi ya waokaji ilionekana kwa nyuma, nilipata wasaa wa kutazama jinsi mkate huu utengenezwavyo, na nakiri kuwa nilitekwa. Nimeona mkate ukikaangwa, kama mahamri. Nimeona ukibandikwa katika ukuta wa tanuri la udongo, kama mkate wa mofa. Nimeona ukigeuzwa juu ya chuma, kama chapati. Lakini sikupata kuona mkate ukichemshwa majini kama muhogo, kisha ukaopolewa na kutiwa tanurini, kana kwamba kosa lake halikutosheka kwa adhabu moja.

Unga wake ni wa ngano yenye nguvu, ule ambao ukikandwa huvutika kama mpira, na maji yake ni machache, hata donge likawa gumu la kumchosha mkandaji. Hutiwa hamira, chumvi, na kimea cha shayiri, yaani nafaka iliyooteshwa kidogo ikakaushwa ili utamu wake uamke. Donge hufanywa kamba, kamba ikazungushwa mkononi, na ncha zake mbili zikasuguliwa chini ya kiganja mpaka zikashikana, kazi ambayo mtu aliyeizoea huimaliza kwa muda wa kupiga chafya. Pete hizo hulazwa mahali pa baridi, aghalabu usiku kucha, ili hamira ifanye kazi yake polepole na ladha ikomae. Ndipo zitumbukizwapo katika maji yachemkayo, nusu dakika hivi kila upande, na hapo ndipo penye siri: wanga ulio juu ya donge hunywa maji, ukavimba, ukawa kama uji mzito ulioganda, na uji huo huivisha pete ngozi iliyowambwa kama ya ngoma, hata iingiapo katika moto mkali wa tanuri isiweze kufura itakavyo. Husukumana na kuta zake yenyewe kwa ndani, na hiyo ndiyo sababu beigeli ya kweli huwa nzito, ikang'aa kwa juu, na ikamdai mlaji meno aliyozaliwa nayo. Isiyochemshwa ni boflo lenye tundu. Hata tundu lenyewe si pambo, kwani kwa tundu hilo moto hupata njia ya kuufikia mkate sawasawa, na wachuuzi wa zamani walipata mahali pa kupitishia kijiti au uzi wakaitembeza bidhaa yao mitaani kama shada la tasbihi.

Wako wasimuliao kuwa mkate huu ulibuniwa mwaka 1683 na mwokaji wa Vienna, aliyetaka kumshukuru Mfalme Jan Sobieski wa Poland kwa kuuokoa mji na majeshi ya Waturuki, na kwa kuwa mfalme alikuwa mpenzi wa farasi, akaufinyanga kwa mfano wa kikuku cha kupandia. Ni hadithi tamu, na ila yake ni moja tu: kanuni za jumuiya ya Mayahudi wa Kraków zilikwisha kuutaja mkate huu mwaka 1610, yaani mtoto alikuwa na umri wa miaka 73 siku ya harusi ya wazazi wake.

Nilipokaribia zaidi nilikiona kidari cha ng'ombe kikifuka mvuke nyuma ya kioo. Nyama hiyo hulowekwa siku nyingi katika maji ya chumvi, sukari, viungo na shura kidogo, ambayo ndiyo iipayo wekundu usioondolewa na moto, kisha huchemshwa saa nyingi kwa moto wa kiasi mpaka kisu kikiigusa kikajiona hakina kazi. Harufu yake ilimwamsha mufti aliyekuwa amelala tumboni mwangu. Mufti huyo aliuliza kama ilikuwa halali, na kabla sijafungua kinywa alikwisha kujijibu: Mayahudi ni Ahlul Kitabu, yaani watu waliopewa Kitabu, aya ya 5 ya Sura ya Al-Maida imetuhalalishia chakula chao, na duka hili ni la Kiyahudi, basi iliyobaki ni kula. Ilikuwa fatwa nzuri yenye mihimili mitatu, nami niliipitisha bila ya upinzani. Nikaanza kulifanyia mazoezi agizo langu kwa sauti ya chini, nikikaza ile "bai" kama nilivyofunzwa: baigeli moja, nyama ya chumvi, haradali kwa wingi, baigeli moja, nyama ya chumvi, haradali kwa wingi. Kwa nini kwa wingi? Kwa sababu mtu aliyekuwa mbele yangu aliagiza hivyo, naye alionekana kuwa mzoefu. Na fauka ya hayo, mimi nimelelewa kwa pilipili mbuzi, na sikuona kwamba Waingereza, ambao mchuzi wao hauwezi kumliza kichanga, wana kitu cha kunitisha.

Hapo ndipo mzee wa kofia ya sufu aliponigusa bega. Alikuwa ameitazama kofia yangu ya kutunga, na bila shaka aliyasikia mazoezi yangu.

"Bwana," aliniambia kwa adabu, "kama wewe ni mtu wa kuuliza habari za nyama kabla ya kuila, nikuambie neno. Duka hili mtindo wake ni wa Kiyahudi, lakini hukumu zake si za Kiyahudi."

"Vipi, mzee?"

"Tazama juu ya meza. Jibini hapa, nyama hapa. Taurati imekataza mara tatu kumpika mwanambuzi katika maziwa ya mama yake, na kwa mara tatu hizo wazee wetu wakatenga sufuria, wakatenga sahani, wakatenga visu. Hapa hapana rabi asimamiaye. Mimi huja tangu nina meno yangu yote, na hula samaki tu, nikimwomba Mungu anisamehe kwa kisu kilichomkata."

Fatwa yangu ilianguka mihimili yote mitatu kwa pamoja. Nilimshukuru mzee yule kwa dhati, kwani samaki hachinjwi, hana haja ya kadhi wala ya rabi, na kwa mara moja Myahudi na Mwislamu tuliafikiana juu ya jambo lisilo na mashaka. Katika nafsi yangu nikaifuta nyama, mahali pake nikaandika samaki wa moshi na jibini, ambavyo ndivyo viendanavyo. Lakini sikutambua kuwa mwisho wa sentensi nilikuwa sikuugusa, umebaki palepale ulipokuwa, kama samani za mpangaji aliyehama.

"Ndiyo, mpenzi?" aliuliza mwanamke wa nyuma ya meza bila ya kuniangalia.

Nilikuwa nimejiandaa kwa ukali. Kwa mapenzi sikujiandaa. Kwetu neno lile hutanguliwa na posa, mahari na mashahidi wawili, ilhali hapa lilitanguliwa na kisu kirefu kuliko mkono wangu, na ingawa baadaye niligundua kuwa kila mtu katika foleni ile, hata mafundi wa saruji, alikuwa mpenzi, kwa wakati ule fazaa ilinishika, lafudhi ikaniponyoka, na maneno yakatoka yenyewe.

"Beigeli moja," nilisema, kwa "bei", msomaji, kwa "bei"! "Samaki wa moshi, jibini, haradali kwa wingi."

Kisu kilisimama. Mwanamke yule aliinua uso, na kwa mara ya kwanza nikayaona macho yake, ambayo yalikuwa macho ya mtu aliyekwisha kuona mengi usiku na mchana katika meza ile, na bado hili alikuwa hajaliona.

"Haradali?"

"Naam."

"Juu ya samaki?"

"Naam."

"Na jibini?"

Duka lilinyamaza. Mahali hapo palikuwa na mlango wa kunitoa, mpana kama lango la Ngome Kongwe ya Unguja, na mtu yeyote angeweza kupita ndani yake na punda wake kwa kusema, "Samahani, nimekosea." Lakini nyuma yangu alikuwapo mzee aliyekwisha kunisahihisha mara moja, kando yangu vijana wa viatu vya ngalawa walikuwa wamekwisha kutabasamu, na kiburi changu, ambacho siku zote hulala nikihitajiapo na kuamka nisipokihitajia, kikaamka. Nikanyoosha shingo, nikasema kwa sauti ya kadhi asomaye hukumu:

"Ndivyo tulavyo kwetu."

"Kwenu wapi, mpenzi?"

"Zanzibar."

Neno "Zanzibar" lilipokezanwa kutoka mdomo hata mdomo mpaka likafika mlangoni, nikamsikia mmoja akimwelezea mwenzake kuwa ni visiwa vya viungo, na kwamba bila shaka jambo hilo lina maana yake. Mwanamke yule aliinua mabega. Kisha, kwa heshima ya mila za watu, alichota haradali kwa kijiko kikubwa, akapaka. Akachota tena, akapaka. Akanitazama kuniuliza kama mila imetimia, na mimi, mpumbavu, nikamwashiria aongeze kidogo. Mzee wa kofia ya sufu alifumba macho kama mtu asikilizaye habari ya msiba.

Naandika hapa kwa mkono wangu, ili ijulikane: katika maisha yangu yote ya Unguja sikupata kumwona mtu mmoja aliyepaka haradali juu ya samaki wa moshi na jibini. Lakini tangu juzi wako watu thelathini London wanaoamini kuwa ndivyo tulavyo, na siku atakaposhuka mmoja wao Forodhani akaomba kitu hicho kwa kutuheshimu, muuzaji atamdhania kuwa kapigwa na jua, na kosa halitakuwa la yeyote katika wawili hao.

Nilikichukua chakula changu ndani ya mfuko wa karatasi, nikaufuata mtaa kwa kusini, hata nikafika pembe ya Fournier Street ulipo msikiti wa mtaa, ambamo nilikusudia kusali alasiri. Wakati ulikuwa bado. Nikaegemea ukuta, nikapiga bismillahi, nikauma.

Kuhusu haradali ya Kiingereza nimejifunza mambo ambayo laiti ningeyajua kabla. Unga wake ukiwa mkavu hauna ukali wa kutajika. Ndani ya kila chembe mna vitu viwili vilivyotengwa vyumba mbalimbali, visivyoonana maisha yao yote. Chembe ikisagwa na maji yakaingia, kuta huvunjika, vitu hivyo vikakutana, na kimoja, ambacho ni kimeng'enya, kikakivunja kile cha pili, na katika kuvunjika huko huzaliwa mafuta makali yenye tabia ya kuruka kama mvuke. Pilipili haina tabia hiyo. Ukali wa pilipili hukaa ulimini na midomoni, ukapambana na adui wake ana kwa ana kama muungwana, na mtu aliyeuzoea huuzoea kweli. Haradali haipambani ulimini. Hupanda kwa nyuma ya koo, ikatokea puani, ikaingia katika chumba cha machozi bila ya kupiga hodi, na miaka hamsini ya pilipili mbuzi haimsaidii mtu kwa lolote, kama vile ubingwa wa kuogelea usivyomsaidia aliyeangukiwa na mnazi. Rehema yake ni kuwa hupita upesi, isipochokozwa. Nami niliichokoza, kwani katika kuyafuta machozi nilitumia vidole vilivyojaa haradali ile ile. Ladha ya samaki yule siijui mpaka leo.

Nilikuwa katika hali hiyo, mgongo ukutani, machozi yakichuruzika ndevuni, beigeli ikinitiririkia ukosini, lilipotokea kundi la watalii ishirini hivi na mwongozaji wao aliyeinua mwavuli mwekundu. Alikuwa kijana hodari, na aliyoyasema yalikuwa ya kweli. Aliwaonyesha jengo nililoliegemea, akawaambia kuwa lilijengwa mwaka 1743 kuwa kanisa la Wahuguenoti, Waprotestanti wa Kifaransa waliokimbia nchi yao kwa ajili ya dini, ambao wengi wao katika mtaa huu walifuma hariri. Kwamba baadaye likawa kanisa la Wamethodisti. Kwamba mwaka 1898 likawa sinagogi la Mayahudi waliokimbia mateso katika milki ya Urusi. Na kwamba mwaka 1976 likawa msikiti wa Wabengali, ambao wengi wao asili yao ni wilaya ya Sylhet. Akawaonyesha na saa ya jua iliyo juu ukutani, yenye mwaka ule wa 1743 na maneno mawili ya Kilatini yasemayo kuwa sisi ni kivuli. Wote wakainua macho kuisoma, na walipoyashusha wakaniona mimi.

Mwongozaji alinyamaza, akashusha mwavuli. Wanaume wawili walivua kofia. Bibi mmoja mwenye huruma alinisogelea, akanitia karatasi ya kufutia pua mkononi, akaniambia kwa sauti ya matangani kuwa anasikitika sana kwa yote yaliyowapata watu wangu. Nilitaka kumwambia kuwa jambo lililowapata watu wangu ni mimi mwenyewe, dakika kumi zilizopita, mezani pa duka. Lakini haradali ilikuwa imenikaba, nikatoa mlio tu, na mlio huo ukapokewa kama kilio cha vizazi. Mmoja akanipiga picha. Kisha wakaondoka kwa hatua za taratibu, na nilimsikia mwongozaji akiwaambia kuwa mtaa huu una namna yake ya kuwagusa watu.

Nilicheka baadaye, lakini kicheko hicho kilikuwa na mwiba. Sikuweza kuacha kufikiri kwamba watu wale wema waliwalilia Wahuguenoti, ambao hawapo. Wakawalilia Mayahudi, ambao wengi wamehamia vitongoji vya mbali. Wakanililia mimi, niliyekuwa mtalii kama wao. Kisha wakapita mbele ya milango ya maduka ya Wabengali ambao wangali hai, wangali humo, na wala hawakugeuza shingo. Ndivyo ilivyokuwa tangu zamani. Mwaka 1905 Bunge la Uingereza lilipitisha sheria ya kuwazuia wageni, na waliokusudiwa hasa walikuwa Mayahudi hawa hawa maskini wa mashariki ya London, walioambiwa kuwa wanajaza nyumba na kushusha mishahara. Leo mkate wao ni fahari ya mji, na watu husimama foleni kuupiga picha. Tarehe 4 Mei 1978 kijana wa Kibengali, Altab Ali, mshona nguo, aliuawa jirani na mtaa huo alipokuwa akirejea nyumbani kutoka kazini, na maelfu ya watu wakaandamana nyuma ya jeneza lake. Bustani iliyo karibu ikapewa jina lake mwaka 1998, baada ya miaka 20. Huruma ya mji ule, nasikitika kusema, huja na matanga. Haiji na ugonjwa.

Na ugonjwa upo, na jina lake nililisikia tangu mwanzo, ingawa sahibu yangu alidhani kuwa nimekosea. Ni bei ghali. Mkate wenyewe si ghali. Katika mtaa mzima ni miongoni mwa vitu vichache ambavyo fundi wa saruji aweza kuvinunua na akabaki na nauli. Ghali ni ardhi iliyo chini ya tanuri. Nyumba za wafumaji wa hariri, zenye madirisha mapana darini ili mfumaji apate mwanga, ambamo baadaye zilijaa familia za washoni wa Kiyahudi na kisha za Kibengali, leo hununuliwa na watu ambao hawajapata kushona hata kifungo. Vibao vya majina ya njia vimeandikwa kwa Kiingereza na kwa Kibengali, na chini ya vibao hivyo migahawa ya mchuzi inapungua, na mahali pake huingia kahawa ambayo kikombe chake kimoja hunishinda kukitaja. Mwaka 2021 baraza la manispaa liliidhinisha maduka na ofisi mpya katika uwanja wa kiwanda cha zamani cha pombe kilicho katikati ya mtaa, ingawa wakaazi na wapinzani wengine walipeleka maelfu ya barua za kukataa. Hakuna anayefukuzwa kwa mawe siku hizi. Huletewa barua yenye hesabu mpya ya kodi, kwa lugha ya adabu, na baada ya miaka kadhaa hupita mwongozaji na mwavuli wake, akasema kwa masikitiko kuwa hapa waliwahi kuishi watu wa namna fulani.

Mengine hayana uzito. Katika sala ya alasiri macho yangu yaliendelea kutoka machozi, na mzee aliyesimama kando yangu akaniombea dua kwa uchaji ambao sikuwa nao. Jana nilijaribu kuchemsha beigeli nyumbani kwa sahibu yangu, nikapata ugali wenye tundu.

Basi, msomaji, ukijaaliwa kufika mtaa ule, nenda mapema, shika fedha mkononi, tamka "bai", samaki mpe jibini, nyama ipe haradali, tena kidogo, na ukikosea, sema umekosea, kwani kiburi chako hakitakufuta pua. Kisha ushukapo kusini kuelekea msikitini, usianze kwa kuisoma saa ya jua. Ingia kwanza katika duka la mshoni au la muuza viungo ambaye mlango wake ungali wazi, ununue kitu, umsalimu mwenyewe, na umuulize habari zake wakati angali ndani.